Sita kutoka Arusha kwenda Cape Town: nani amsubiri nani, na baiskeli zipande ndege vipi?

Wapendwa washauri,

Hamjambo. Tuko sita hapa Arusha, tunaendesha baiskeli za mbio kila Jumamosi: Usa River na kurudi, siku nyingine hadi Monduli. Machi ijayo tumepanga kwenda Cape Town kwenye zile mbio kubwa za kilomita 109. Watano tutabeba baiskeli zetu, mmoja anataka kukodi huko huko. Mimi nimefanywa mweka hazina kwa sababu tu nilichelewa kukataa.

Sasa shida zimeanza. Wawili wetu ni wepesi na wanautaka muda mzuri. Dada mmoja, mpole, anaendesha taratibu, na juzi nimemsikia akisema bora abaki nyumbani asije kutuchelewesha. Wengine wanasisitiza kwamba tumeondoka pamoja, basi tumalize pamoja. La pili, safari yetu iliyopita ya ndege, baiskeli moja ilifika gia zinagonga spoku, na mpaka leo hakuna aliyejua sababu. La tatu ni pesa. Nyumba inataka malipo ya awali, wawili hawajatoa hata shilingi, na mmoja wao, rafiki yangu tangu shule, ameniomba nimkatie tiketi kisha atanirudishia. Nifanyeje?

Mweka Hazina wa Bahati Mbaya, Arusha

*

Ndugu Mweka Hazina,

Tuanze na yule dada, maana akibaki nyumbani kwa sababu hiyo atakuwa amebaki bure. Kwenye Cape Town Cycle Tour hakuna wa kumchelewesha mwenzake, kwa sababu mbio zenyewe haziwaachii muondoke kama mnavyoondoka Jumamosi. Washiriki ni makumi ya maelfu. Huachiliwa kwa makundi, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu wa asubuhi. Kundi lako hutegemea muda uliowahi kuuweka kwenye mbio ambazo waandaaji wanazitambua, na asiye na muda huo hupangwa nyuma. Unaruhusiwa kushuka kundi la nyuma yako. Kupanda la mbele hairuhusiwi. Kwa hiyo hilo la kumaliza pamoja maana yake ni wote sita kushuka hadi kundi la mwisho kati yenu, na wale wawili kuutupa muda walioufanyia mazoezi mwaka mzima.

Waacheni wepesi waende zao. Atakayeandamana na dada ajitolee mwenyewe, na ajitolee sasa hivi, kabla ya kujiandikisha. Msipige kura. Mtu aliyechaguliwa kwa kura huangalia saa kwenye kila kilima, na mwenzake anamwona. Picha ya pamoja pigeni Ijumaa, wote mkiwa wasafi. Siku ya mbio mkubaliane sehemu moja ya kukutana Green Point, mbio zinapoishia, yenye jina na alama, si "pale mwisho", kwani pale mwisho pana umati wa kupoteana.

Kuhusu kasi yake, hesabu ni fupi. Kikomo ni muda wa saa 7 kwa kilomita 109, yaani wastani wa chini kidogo ya kilomita 16 kwa saa, vituo vya maji vikiwemo. Apimwe huko huko Arusha: kilomita 80 zenye vilima, saa isisimamishwe hata akishuka kunywa soda. Akipata wastani wa 18 au zaidi, asiwe na wasiwasi tena na mada hiyo ifungwe.

Vilima havitawatisha. Jumla ya kupanda ni karibu mita 1,200 kwa njia yote, na ninyi mnafanya mazoezi kwenye mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mkishuka pwani mapafu yatafurahi. Vilima vinavyouma vinaanza karibu na katikati ya njia. Kuna Smitswinkel baada ya Simon's Town, kisha barabara ya Chapman's Peak, yenye kilomita 9 na kona 114 juu ya bahari. Mkishateremka Hout Bay kinawangoja Suikerbossie. Hiki ni kifupi, kama kilomita 2, lakini kinakuja miguu ikiwa na kilomita 90 hivi ndani yake, na ndicho kinachowashusha watu wakasukuma. Dada awe na gia ndogo ya meno 34 mbele na meno 32 nyuma, asishindane na mtu Chapman's Peak, na Suikerbossie atapita amekaa.

Msichokijua ni upepo. Kule kuna upepo wa kusini-mashariki ambao wenyeji wanauita Daktari wa Cape, kwa imani ya zamani kwamba unafagia hewa chafu ya mji. Mwaka 2017 mbio zilisimamishwa asubuhi ile ile, muda mfupi baada ya kuanza, kwa kuwa upepo ulikuwa unawaangusha watu mjini. (Mwaka 2015 ulikuwa moto wa misitu: njia ikakatwa hadi kilomita 47.) Upepo huu ukivuma, nusu ya kwanza kuelekea kusini unaupokea usoni na ubavuni, na mnapogeuka kurudi upande wa Atlantiki mara nyingi unakuwa mgongoni. Huelekea kuongezeka jua linavyopanda, na hilo linawahusu zaidi wa makundi ya nyuma.

Rimu zenye kina cha milimita 50 na kuendelea ziacheni nyumbani, hata kama ndizo za gharama. Upepo wa ubavuni hulisukuma gurudumu la mbele kama tanga, na rimu ikiwa na kina kirefu usukani unanyakuliwa mkononi. Shikeni usukani chini, viwiko vilegee, na kati yako na wa mbele pawe na nafasi ya baiskeli nzima kila mnapotoka penye kinga, kwa mfano nyuma ya jengo au ukuta wa mlima. Hapo ndipo anayeendesha akiwa amelala usingizi wa mwendo hurushwa mita moja pembeni.

Sasa zile gia zilizogonga spoku. Nyuma ya fremu, pale kihamisha cheni kinapofungwa, kuna kipande kidogo cha alumini; tukiite henga. Kimetengenezwa laini makusudi, ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe kabla fremu haijavunjika. Boksi likilazwa upande wa gia na kuwekewa masanduku juu, henga huingia ndani milimita chache tu. Kwa jicho la haraka huoni kitu. Lakini ukiweka gia nyepesi kuliko zote, kihamisha cheni kinasogea hadi kwenye spoku. Mkiwa na bahati kinagonga na kupiga kelele. Bila bahati kinanaswa, na kilima kimoja kinakula henga, kihamisha cheni na gurudumu kwa pamoja.

Namna ya kulikagua: simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa macho yawe usawa wa gia, utazame vile vigurudumu viwili vidogo vinavyopitisha cheni. Vinatakiwa kuning'inia wima, mstari mmoja na meno ya gia. Vikiinamia spoku, henga limepinda. Na namna ya kulizuia: kabla ya kufunga boksi, fungua kihamisha cheni kwa alenki ya milimita 5 bila kukata waya, kifunge kwenye taulo, kisha kifungie kwa ndani ya fremu, kati ya mabomba ya nyuma. Ni kazi ya dakika nne. Kila mmoja abebe henga la akiba la baiskeli yake, kwani maumbo ni mengi mno na la mwenzako halitakutosha. Msitegemee kulipata dukani wikiendi ya mbio.

Boksi la karatasi kutoka duka la baiskeli linatosha kabisa, ila liimarishwe chini kwa selotepu pana, mara mbili. Toa gurudumu la mbele, pedali, kiti na usukani. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume: mkono wa spana ukiwa juu, unauvuta kuelekea nyuma ya baiskeli kwa pande zote mbili, ukisahau utaharibu njia za skrubu. Weka alama ya kalamu au utepe kwenye nguzo ya kiti kabla ya kuishusha. Katikati ya miguu ya uma wa mbele weka kipande kigumu cha plastiki au mbao, la sivyo uzito wa juu unaibana miguu ikutane. Skrubu zote zirudishwe kwenye matundu yake. Zinazobaki ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye fremu, kwani skrubu iliyoachwa huru ndani ya boksi hutokea kwenye tundu la kushikia, na mtagundua Cape Town.

Wenye breki za diski: gurudumu likishatoka, sukumiza kadibodi iliyokunjwa katikati ya padi. Mtu akiminya breki pakiwa patupu, padi hukutana na diski haiingii tena. Ikitokea, zirudisheni polepole kwa kile kipande cha plastiki cha kung'olea tairi. Bisibisi hapana, inapasua.

Tairi mtaambiwa mzitoe upepo wote zisije kupasuka angani. Hazipasuki. Chumba cha mizigo kina shinikizo kama la abiria, na hewa yake haizidi sana wembamba wa ile ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako hakuna tairi lililowahi kulalamika. Wahudumu lakini husisitiza, kwa hiyo punguzeni hadi 30 hivi za pampu (psi). Kiasi hicho kinazilinda rimu, na kwa wasiotumia tyubu kinalizuia tairi lisiachie ukingo na kumwaga dawa.

Betri za akiba, za gia za umeme na za kuchajia simu zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, haziingii kwenye boksi. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi msibebe. Hata pale sheria inaporuhusu idadi ndogo, wakaguzi wengi huichukua. Nunueni kule. Alenki na spana zote ziende kwenye boksi. Viatu, kofia ngumu na seti moja ya nguo za mbio beba mkononi: boksi likichelewa, ukikodi baiskeli unaanza mbio.

Baiskeli ya kilo 9 na boksi lake ni kama kilo 13, na kikomo cha kawaida ni 23. Msishawishike kujaza hadi kilo 22 na nusu, maana mizani ya uwanjani na ya nyumbani hazisemi lugha moja. Uzito lakini ndio tatizo dogo. Boksi lina urefu wa kama sentimita 140, urefu wa kwenda juu 80 na unene zaidi ya 20, na mizigo ya kawaida inatakiwa isizidi 158 kwa jumla ya vipimo vyote vitatu. Kwa hiyo ni mzigo mkubwa, na lazima lisajiliwe kabla. Boksi tano kwenye ndege ndogo ya kuunganisha kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni nyingi, mlango wa mizigo wenyewe ni mdogo. Kata tiketi, pigeni simu siku hiyo hiyo, mpewe uthibitisho wa maandishi wa kila baiskeli kwa jina. Na tiketi iwe moja hadi Cape Town. Mkiunganisha mashirika mawili kwa tiketi mbili, mtalipia baiskeli mara mbili na kuziburuta wenyewe katikati ya safari.

Mkifika, fungueni boksi kabla ya kutoka uwanjani. Kikiwa kimevunjika kitu, ripoti iandikwe hapo hapo, na madai ya maandishi yafike kwa shirika ndani ya siku 7. Kwa mzigo uliochelewa ni siku 21. Ukishatoka nje bila ripoti, utabishana peke yako.

Fikeni Alhamisi, si Jumamosi. Mbio kwa kawaida ni Jumapili ya pili ya Machi, na namba za mbio huchukuliwa siku za kabla. Ijumaa mzunguke kilomita 30 ili kasoro zijitokeze. Wakati wa kuunga usukani, skrubu ya juu inakazwa kwanza, kidogo, kuondoa mlegezo tu. Ndipo zile za ubavuni, kwa nguvu ya nyutoni-mita 5 au ile iliyoandikwa kwenye kifaa. Wengi hugeuza mpangilio huo kisha wanashangaa kichwa kinacheza. Minya breki ya mbele, tikisa baiskeli mbele na nyuma: ukisikia "tk", legeza uanze tena. Bebeni kifaa kimoja cha kupimia nguvu ya kukaza kwa kundi zima.

Anayekodi aagize miezi kabla, kwani wikiendi hiyo baiskeli za saizi za kawaida huisha. Atume kipimo cha kiti, kutoka katikati ya mhimili wa mikono ya pedali hadi juu ya kiti, na abebe pedali na kiti chake. Aulize pia breki ya mbele iko mkono gani. Kujua hilo kwenye mteremko wa Chapman's Peak ni kuchelewa.

Makaratasi ni mepesi. Mtanzania haombi viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, lakini pasi iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa siku 30 baada ya kuondoka kule. Kurasa ndizo zinazowaponza wasafiri wa mara kwa mara. Afrika Kusini hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo au aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hiyo, na ninyi huenda mkapitia Nairobi au Addis Ababa. Bebeni wote. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi ni ya maisha. Kila mwenye baiskeli awe na risiti yake, au walau picha ya namba ya fremu iliyopigwa kabla ya kuondoka, asije kuulizwa ushuru wakati wa kurudi.

Nyumba itafuteni Green Point, Sea Point au katikati ya mji, hata ikiwa ghali kidogo. Mwanzo uko mjini na mwisho uko Green Point, mnafika popote kwa baiskeli. Asubuhi ile barabara zinafungwa, na anayelala mbali anaamka usiku wa manane kutafuta pa kuegesha. Plagi za kule zina miguu mitatu minene ya duara, nunueni adapta mbili. Na gari la kuwapokea liwe basi dogo lenye tela; gari la watu saba halibebi watu sita na boksi tano, hata dereva akiapa.

Tumebakiza pesa. Igawe mafungu mawili, maana hatari zake hazilingani. Nyumba na basi dogo ni vya pamoja: mmoja akijitoa unaweza kumpata mwingine akalala kitanda kile kile. Tiketi na namba ya mbio vina jina la mtu. Rafiki yako akighairi, wewe utabaki na tiketi yenye jina lake ambayo hata bure huwezi kumpa mtu. Kwa hiyo mweka hazina hamkatii tiketi mtu yeyote, na rafiki wa tangu shule yumo. Ukitaka kumsaidia, mpe kiasi ambacho kisiporudi bado mtasalimiana, akate mwenyewe. Ada ya baiskeli kwenye ndege analipa mwenye baiskeli. Si haki anayekodi kuichangia. Kwa vya pamoja kusanya asilimia 10 juu ya hesabu, kwa sababu nyumba inalipwa kwa randi na michango inakuja kwa shilingi. Kinachobaki kigawanywe siku ya kurudi, mbele ya wote. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la kikundi ni picha moja inayotumwa kila Ijumaa, majina sita na tarakimu zake, bila maneno ya kumsema mtu.

Kwa wale wawili, usimpigie mmoja mmoja kumbembeleza. Unaweza kuubandika ujumbe huu kwenye kikundi leo jioni:

"Wapendwa, malipo ya awali ya nyumba yanakwenda Ijumaa hii saa 12 jioni. Aliyetuma mpaka saa hiyo ana kitanda. Ambaye hatakuwa ametuma, Jumamosi asubuhi naanza kutafuta mtu wa nafasi yake, na akiwa tayari baadaye na nafasi ikiwepo, karibu. Tiketi na namba ya mbio kila mtu anajilipia mwenyewe, mimi sikati ya mtu. Daftari hili hapa chini, kila mmoja aangalie mstari wake."